Korongo Nililolichagua Mimi

Safari ya kwenda kupanda korongo moja lililomo hifadhini niliianzisha mie. Kaka yangu na mdogo wetu wa kiume walikuwa hawajawahi hata kulisikia. Niliwaonyesha picha za kuta zake za mawe mekundu siku ya Idi, nyumbani kwa mama, kule Mtoni, na wote wakakubali twende, pamoja na wake zao na watoto.

Tangu pikipiki iniangushe na kunivunja goti, natembea kwa kuchechemea. Lakini kila asubuhi nilipanda vilima vya kwetu Madale kujizoeza, hadi goti likaacha kuvimba.

Tulipokutana tena kwa mama kupanga magari, kaka alisema bila kuniangalia, "Wewe utabaki na mama. Kule kuna kamba na ngazi za chuma."

"Mmeniuliza kama naweza?"

"Tushaongea, sista," mdogo wangu akadakia. "Sote tumeona hivyo."

Kumbe walikuwa na kundi jingine la WhatsApp ambalo mie simo, na huko ndiko safari yangu ilikopangwa upya. Nilimtazama mama. Aliinamia mchele aliokuwa akiuchambua.

Wakaenda. Jioni walinitumia picha: mke wa kaka ameteguka mguu, kabebwa mgongoni na muongoza wageni, wote wanacheka. Chini yake kaka aliandika, "Pazuri mno, laiti ungekuwepo."

Sikumjibu. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini.