Sufuria Iliyokosa Mrithi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alisimama mlangoni pa jiko, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwetu. Ndani, mjukuu wetu mkubwa, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa akipika maharage peke yake.

Begi la safari lilikuwa limefungwa. Dada yake mke wangu alikuwa mahututi, mji wa mbali, na kila aliyepiga simu alisema neno moja: wahi. Lakini wahi vipi, na watoto watatu watakula nini?

Mimi jiko nililijaribu zamani. Mke wangu alisema naunguza hata maji.

Wajukuu hao tuliachiwa na binti yetu alipokwenda kutafuta maisha. Bibi yao aliwawekea sheria moja: kazi huiachi mpaka umfundishe aliye chini yako, na bibi aikague. Mdogo kabisa, tuliyemwita Kijiko, alifagia. Wa kati, Injinia, aliosha vyombo. Mkubwa alifua. Ukitaka kupanda, mfundishe mwenzio. Basi wakafundishana kwa bidii ambayo fimbo isingeileta.

Siku moja Injinia alimpandisha Kijiko juu ya ndoo iliyopinduliwa ili afikie beseni, akamhubiria. "Sufuria sugua na chini, siyo tumboni tu. Wewe unadhani chini ni kwa nani?"

"Kwa moto," Kijiko akajibu.

Bibi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kijiko akaona ndiyo nafasi yake. "Sasa bibi, nikipewa vyombo, ufagio nimwachie nani? Mimi sina mdogo."

"Mwachie babu yako."

Ndivyo nilivyoupata ufagio. Ninao mpaka leo.

Kazi ilikwama juu. Juu ya kufua kulikuwa na kupika, na mkubwa alikuwa na macho. Aliona kwamba anayeshika sufuria hana wa kumwachia. Injinia ukimsogeza karibu na jiko, analifungua aone limeundwaje. Kwa hiyo kila alipojaribiwa, chakula kiliharibika. Leo kimeungua, kesho kibichi.

"Mkono wangu mzito, bibi," alisema.

"Mkono hauna uzito. Rudia."

Mke wangu hakumlazimisha zaidi ya hapo. Yeye mwenyewe alipewa sufuria angali mdogo wa kuhitaji kigoda. Mama yake alionja, akasema mtoto huyu ana mkono mtamu, na siku hiyo mlango ukafungwa. Dada yake aliendelea na shule. Yeye akapika kwao, akapika kwangu, akapikia watoto, akapikia wajukuu. Cherehani aliikalia kati ya chungu na chungu. Alinung'unika mara chache. Alikuwa akisema tu kwamba jikoni ukitazama mbele unaona ukuta.

Asubuhi ile akaonja maharage. Akanipa na mimi kijiko kimoja. Ilikuwa chumvi tupu, sikuweza kumeza.

"Nimekosea, bibi," mkubwa akasema, akiangalia miguu yake.

"Umekosea," bibi akamjibu. Akavua kitenge cha safari, akakikunja juu ya begi, akawasha jiko upya.

Kesho yake alfajiri simu ikalia. Dada yake amefariki. Mke wangu alianguka simu ikiwa mkononi. Tulimkimbiza hospitali, hakurudi.

Tulipotoka kumzika, watu walipoondoka, mkubwa aliingia jikoni bila kuambiwa. Akapika maharage. Tukala. Yalikuwa ya bibi yake kabisa. Injinia aliongeza sahani, kisha akamtazama dada yake. "Kumbe," akasema. Mkubwa akainuka akaenda kufungulia bomba, maji yakamwagika muda mrefu, hakuna chombo chini yake.

Tangu hapo hajatoka jikoni. Anaamka kabla yetu, akitoka shule anakwenda moja kwa moja kwenye moto. Nikimwambia leo tule mkate, anasema, "Hapana babu, bibi hakuwa akifanya hivyo." Nasimama mlangoni na ufagio wangu, naona kisogo tu.

Anaamini alimdanganya bibi yake, na kwamba kwa uongo ule bibi alikosa kumwona dada yake. Hakumdanganya. Maneno haya ni yake ayasome, maana mdomo wangu unashindwa. Asubuhi ile, akimenya vitunguu vipya, mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini:

"Huyu anajua kupika, mzee wangu. Vitunguu vimeiva sawasawa, chumvi kaimwaga mwisho. Mimi ningejua kuharibu kama yeye, leo ningekuwa mbali. Mwache."