Ndoo ya Posa na Sayari Tatu

Hapana bwana, sema mengine. Usiniambie eti miaka ile ya tisini huku Mpanda hakuna aliyejua kwamba kuna nyota nyingine kama jua letu, nayo inazungukwa na sayari kubwa. Rafiki yangu alijua. Tena habari hiyo nusura imkoseshe mke.

Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni Kashaulili, shule niliishia la saba. Yeye alilima tumbaku kijijini Litapunga. Ukikausha tumbaku unashinda kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, unachochea moto, na yeye alikuwa na redio. Betri zikichoka anazipasha pembeni ya moto, zinaamka kidogo. Ndo hivyo alivyoipata habari: nyota kama jua, sayari tatu kubwa, na ile ya karibu kabisa mwaka wake haufiki siku tano. Hapo betri zikakata.

Jumapili akaisimulia nje ya kanisa. Watu wakacheka.

"Kwa hiyo huko Krismasi ni kila wiki?" mmoja akamuuliza. "Watoto wa huko si watachoka na pilau."

Baba wa binti ambaye rafiki yangu alitaka kumuoa alikuwepo. Yeye hakucheka. Alisema tu kwamba binti yake hampi muongo.

Mimi nilimtetea kwa sababu ni rafiki yangu, si kwamba nilikuwa najua chochote. Ila swali lilinikaa kichwani: kama sayari zenyewe ziko mbali hivyo, nani kaziona? Nikamnunulia betri mpya, tukakaa wote banini jioni baada ya jioni mpaka habari ile ikarudiwa. Mtangazaji akasema hakuna aliyeziona. Walichoona ni nyota yenyewe inayumba, maana sayari zinaivuta.

"Inayumba vipi?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Iulize redio."

Nilielewa kesho yake kisimani, nikizungusha ndoo kuikung'uta. Ndoo ikienda huku, mwili wangu unavutwa kuifuata. Nilicheka peke yangu pale kama mwehu.

Siku ya posa ikafika. Familia ile asili yao Burundi, na kwao posa ni mashindano ya maneno. Muoaji hafungui mdomo kabisa, anasemewa. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kukuchokoza, na msemaji wa muoaji akikasirika mmeshindwa, mnabeba mtungi wenu wa pombe mnarudi. Sasa rafiki yangu akanichagua mimi. Mimi, ambaye sokoni nilishagombana na kila muuza viatu.

Mjomba wa binti, ndiye msemaji wao, akaanza taratibu.

"Kijana, tumesikia mwenzako ana mashamba angani."

"Shamba lake liko hapa hapa, mzee wangu. Huko juu anapajua kwa kusikia tu."

"Hizo sayari ameziona?"

"Hajaziona."

"Na wewe?"

"Mimi pia sijaziona. Hata waliozitangaza hawajaziona."

Ua zima likaangua kicheko. Mjomba akamgeukia baba wa binti. "Shemeji, hawa wamekuja kuoa au kutuchekesha? Huyu muongo, na amekuja na muongo mwenzie."

Nikajikuta nimesimama. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Wote walijua kusimama hivyo maana yake nini: nimekasirika, tumeshindwa. Rafiki yangu akainamisha kichwa. Nilivyomuona vile, nikameza hasira.

"Nimesimama kuomba ndoo," nikasema. "Ile nyeusi ya mpira ya kuchotea maji, na kamba yake."

Wakaleta. Jua lilikuwa linazama, na mimi nilivaa shati jeupe. Nikamuomba baba wa binti asogee mbali, kule kwenye migomba, aniangalie kutoka kule. Nikaijaza ndoo maji, nikaanza kuizungusha kwa kamba kwa nguvu zangu zote.

"Baba, unaona nini?"

"Naona shati linayumba."

"Ndoo je?"

Akakaza macho. "Ndoo siioni. Giza."

"Sasa nani ananiyumbisha?"

Akarudi, akaninyang'anya ile kamba, akazungusha mwenyewe, mzee mzima, maji yakimrukia suruali. Akasimama akihema, akaangalia mwili wake kama wa mtu mwingine.

"Na hizo tatu," akauliza, "wamejuaje kwamba ni tatu, si moja?"

"Hapo sijui, baba. Betri ziliisha tena."

Akatikisa kichwa, akamwambia mjomba wa binti, "Mtungi wao ufunguliwe. Na huyu muoaji wenu asiyesema aje na redio yake Jumapili, betri nitanunua mimi."

Ndo walivyooana. Mimi mpaka leo nikizungusha ndoo nawaza ni nini kingine kinavuta vitu huku hatukioni. Sasa wewe unayenibishia, yule mzee alisogea mpaka migombani; wewe ulisogea mpaka wapi kuangalia?