Nani Atamsemea Mkasi

Mtaani walimwita Mkasi, na hawakumaanisha kazi yake tu. Kwa miaka mingi alishona magauni ya maharusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kila msichana aliyepanda kwenye kibao kupimwa alishuka na ahadi ya gauni zuri, pamoja na maneno mawili matatu ya kumchoma kuhusu bwana aliyemchagua. Wateja walivumilia. Mshono wake haukuwa na mpinzani.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari hakuzungusha maneno: siku yoyote anaweza kuanguka akapoteza fahamu, basi achague mapema mtu wa kumsemea, la sivyo hospitali itawauliza ndugu wote kwa pamoja.

Ndugu wote kwa pamoja! Mkasi aliwajua. Ndio waliomweka marehemu mumewe kwenye mashine madaktari wakiwa wameshakata tamaa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyesema basi. "Mzee bado anapambana," walinong'ona koridoni, huku mikono ya mzee ikivimba hadi pete ikakatwa kwa koleo. Mkasi alipiga kelele wamwache apumzike. Wakamwambia ana uchungu, akanywe maji.

Yeye hakukubali kufa namna hiyo. Jumapili akawaita wanawe.

Kifungua mimba alikuwa muuza bima. Wiki nzima aliwatisha watu kwa habari za kifo, lakini kikitajwa nyumbani kwao alitazama dari. Dada yake alikuwa hodari wa kumwandikia mama maneno ya mapenzi mtandaoni, watu wayasome. Kuja kumwona ndiko kulikomshinda. Wa tatu alikuwa mke wa muuza bima, mwenye duka la vipuri vya magari. Yeye na mama mkwe hawakuwahi kupatana tangu alipokataa gauni la Mkasi, akaenda kuolewa amevaa la kukodi.

"Nataka mmoja wenu anisemee hospitali nikishindwa kusema," Mkasi alianza.

"Mama, usijiombee mabaya," binti alisema, macho yameshalowa.

"Moyo wangu unachoka, niombe nisiombe. Nani?"

Muuza bima alikohoa. "Kwa kawaida hilo ni jukumu la mkubwa."

"Kawaida ya nani?" Machozi ya dada yalikauka ghafla. "Nani humpeleka mama kliniki?"

"Mara moja! Ukamwacha kwenye foleni ukaenda kusuka!"

Wakarushiana maneno, kila mmoja akijipigia debe, na Mkasi akaanza kushangaa. Tangu lini hawa wakagombea kazi? Ndipo mwanawe akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja sana, "Na huyo msemaji ndiye atakayebaki na nyumba, siyo?"

Kumbe! Walidhani hati ya nyumba iko chini ya mto wa mgonjwa.

"Nyumba ina wosia," Mkasi alisema polepole. "Uko kwa wakili, umeshuhudiwa, mmegawiwa sawa kwa sawa. Msemaji haongezewi hata kigae."

Muuza bima akakumbuka simu yake.

"Basi labda dada," alisema. "Wanawake mna huruma."

"Mimi mwepesi wa moyo, kaka. Wewe ni mwanaume."

"Watazameni mashujaa wangu," Mkasi alisema. "Sasa hivi mlikuwa mnanigombea."

Mkwe akacheka, cheko la wazi, bila kujificha.

"Unacheka nini wewe?"

"Namcheka mume wangu, mama. Rangi ya mlango tu imemshinda kuamua mwaka mzima."

"Na ingekuwa wewe?"

"Ningesema ulichotaka. Kisha ningetoka nikakae kwenye gari."

"Ungelia?"

Mkwe alifikiri. "Sijui. Tunajuana, mama."

"Basi ni wewe. Kesho tunapita kwa wakili jina lako liandikwe, kisha kwa daktari."

"Lakini huyu si damu yako!" binti aliruka.

"Damu ninayo. Nimeiona inavyofanya kazi."

Mkwe akavuta kiti karibu. "Haya. Mashine hutaki kabisa, au hutaki ikiwa haina faida tena? Mrija wa chakula je? Na ukiwa unatusikia lakini huwezi kujibu?"

Mkasi, ambaye kwa kawaida alijibu kabla swali halijaisha, alibaki ameshika mkono wa kiti. Siku zote hizi alikuwa akifikiria nani hamfai. Anachokitaka yeye mwenyewe, hakuwa amekifikiria hata kidogo.

"Wajaribu kwanza," alisema hatimaye. "Madaktari wakisema hakuna tumaini tena, waniondolee kila kitu, mrija na yote, nisikie nisisikie." Akashusha sauti. "Kukosa pumzi ndiko ninakokuogopa. Wanipe dawa nisihangaike, hata kama nitalala moja kwa moja."

"Nitawaambia."

"Watakuzungusha. Utawaambia kwa ukali?"

"Mama, mimi nauza vipuri kwa madereva wa malori."

Mkasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akawageukia wanawe, akawauliza kama bado wapo.