Dakika Kumi za Kukaa Bure

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na tangu nipate akili sijaona kitu anachokichukia kama kukaa bure. Hata chai huinywa amesimama, mkono mmoja ukikunja pindo.

Mwaka jana nesi wa zahanati alimpima presha, akakunja uso. "Mama, imeanza kupanda. Nakupa miezi mitatu. Punguza chumvi, tembea, na kila asubuhi utulie dakika kumi, ufuate pumzi yako tu. Isiposhuka, tunaanza vidonge."

Bibi yangu, mama yake shangazi, alikufa kwa presha akiwa na miaka hamsini na miwili. Shangazi alikuwa na hamsini na mmoja. Njia nzima ya kurudi dukani alinitangulia, bila hata kusimama kumsalimia mtu.

Nesi aliliita zoezi hilo taamuli. Shangazi aliliita kukaa bure kwa kibali.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Alikaa kwenye stuli yake, akafumba macho, na mguu ukaanza kukanyaga pedeli wenyewe. Nikamhamishia kwenye benchi la wateja. Siku ya nne nikamkuta anavuta pumzi ndefu kwa raha zake, na midomoni amebana pini nne, kama afanyavyo siku zote akimpima mtu nguo.

"Shangazi, unataka uzimeze ukapasuliwe?"

Akazitoa moja moja. Kisha akashika taya. "Kumbe linauma," akasema. "Tangu lini?"

Nikamwambia mimi nitajuaje, taya ni lake.

Tangu hapo pini zikahamia kwenye kijimto, na taya likapata likizo. Mteja aliyewahi asubuhi nilimwambia angoje, fundi yuko kazini. Mmoja alikaa naye ajaribu, akakoroma. Haba na haba, dakika kumi zikawa tabia.

Miezi mitatu ilipotimia, nesi alipima mara mbili, maana ya kwanza hakuiamini. "Imeshuka. Vidonge hatuanzi. Endelea hivyo hivyo, na uje kupimwa kila mwezi."

Nilifurahi hadi nikamkumbatia nesi wa watu. Shangazi hakucheka. Tulipotoka nje aliketi kwenye ngazi ya zahanati bila kuambiwa na mtu.

"Mama yangu sikuwahi kumwona amekaa," akasema. "Nilidhani ndiyo bidii."

Akapapasa ngazi kando yake, nami nikaketi. Dukani wateja walikuwa wanangoja. Tukawaacha wangoje.