Asubuhi Niliyokataa Salamu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi ya Julai, mwanangu, nimeketi kwenye kigoda mlangoni pa kaka yangu kule Makongeni, Nairobi, leso kichwani, nimeapa kutosema na mtu yeyote mpaka nipate jibu. Ndiyo, ni mimi huyu huyu ambaye mnaniambia nikianza kuongea hata redio inaona haya. Ninyi vijana mnafikiri mama zenu walizaliwa na akili hizi. Hatukuzaliwa nazo. Tuliaibika mbele za watu, ndipo tukazipata kidogo kidogo.

Sikuapa bure. Nilikuwa msichana, sijaolewa, nashona mikoba ya ngozi katika kibanda cha Shangazi Rasoa pale soko la Kariokor. Shangazi ni dada ya baba yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Macho yake yalikuwa yameanza kumchosha. Kila akitaka kutunga uzi ananiita. Basi Jumatatu moja akaniambia nikichukue kile kibanda, kiwe changu, yeye apumzike. Kama sikitaki niseme mapema, maana kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akikimezea mate.

"Jumamosi jioni nataka jibu," alisema. "Ndiyo ama la. Usiniletee hadithi."

Mtu mwenye akili timamu angesema asante. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Kaka yangu, aliyefanya kazi kwenye gari la moshi, aliokota gazeti ndani ya behewa akaniletea, na ndani yake kulikuwa na makala marefu juu ya mkubwa mmoja wa biashara. Jina lake halina kazi hapa. Alianza kwa kuuza katika duka la mjomba wake, akaliacha, akaajiriwa, akafukuzwa, akaajiriwa tena, akapanda ngazi mpaka akawa mkurugenzi wa kampuni yenye matawi nchi nzima. Nilisoma makala yale hadi karatasi ikalegea kama kitambaa. Katikati yake kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu yeyote, bwana huyu huketi kimya, na hapo ndipo huamua mambo yake makubwa. Basi, ni hayo tu. Hayakusema anaketije. Hayakusema kama anafumba macho au anatazama ukuta, wala kama jibu linakuja kwa sauti au kwa ndoto.

Nikaanza hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza niliketi kitandani nikafumba macho, nikakumbuka kwamba sukari imekwisha. Nikairudisha akili, ikaniletea bizimu la mkoba wa mteja mmoja msumbufu. Nikairudisha tena, mguu ukafa ganzi. Asubuhi zilizofuata zilikuwa za namna hiyo, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Yule mkubwa aliacha duka la mjomba akafaulu. Je, na mimi niache kibanda cha shangazi? Nikishakiacha niende wapi? Na kama kuacha duka la mjomba ndiyo siri yenyewe, mbona wajomba walioachwa ni wengi na wakurugenzi ni wachache? Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi hata sikujua njia zangu ni ngapi.

Jumamosi ikafika na sina jibu. Kaka yangu alikuwa safarini. Nilipofikiri sana nikaona kosa langu liko wapi: kila siku nilikuwa naamka, natoka kuchota maji, nasalimiana na watu kwenye mfereji, ndipo narudi kuketi. Makala yalisema kabla ya kusema na mtu yeyote. Nilikuwa navunja masharti! Siku hiyo nikaamua kufuata kila neno. Nikatoa kigoda nje, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza na ningesinzia, nikajifunika leso kwa sababu ya baridi, nikainama.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nyumba zetu zilipangwa mlango kwa mlango, na mfereji wetu ulikuwa mmoja. Mahali kama pale salamu si adabu tu, ndiyo njia ya kujua nani ameamka salama. Asiyeitikia ama ni mgonjwa, ama ana ugomvi nawe, ama amefiwa.

Wa kwanza kupita alikuwa Mama Mwende, jirani yetu wa mlango wa pili, Mkamba, mumewe mchonga vinyago.

"Nafula, umeamkaje?"

Kimya.

"Nafula?"

Nikainama zaidi. Niliiona miguu yake imesimama, kisha nikaiona ndoo ikiwekwa chini polepole. Aliingia kwake akatoka na kiti, akaketi kando yangu bila kusema neno. Nilikasirika moyoni. Huyu naye anatafuta nini, na mimi leo ndiyo siku yangu ya mwisho? Baada ya muda akaja mwanamke mwingine na kiti chake. Mwingine akaja na jiko, akabandika sufuria ya chai. Watoto waliokuwa wakicheza wakafukuzwa.

"Ni nani ameaga?" mmoja akanong'ona.

"Hajasema. Inakaa ni babake. Si alikuwa mgonjwa Pasaka?"

"Wacha kumsumbua. Akitaka kulia atalia."

Utaniuliza kwa nini sikufungua mdomo. Hata mimi najiuliza. Mwanzoni nilidhani wamekuja kuota moto. Nilipoelewa, aibu ikanifunga ulimi. Ningesema nini? Kwamba hakuna aliyekufa, ninamwiga tajiri? Na kuna kipande cha ujinga ndani yangu kilichokuwa kikiniambia jibu liko karibu sana, nikikohoa tu litakimbia. Nikazidi kuinama. Wao wakazidi kunihurumia.

Sikujua kwamba Baba Mwende, akipeleka vinyago vyake mjini, alikuwa amepitia Kariokor kumpa Shangazi pole.

Nilisikia kilio kutoka upande wa barabara kabla sijamwona mtu. "Uuuwi! Ndugu yangu! Ameniacha na maneno yetu hayajaisha!" Shangazi Rasoa alikuja akikimbia, viatu mkononi, na yeye ni mtu mzima aliyekuwa hata kanisani anatembea kwa hesabu. Yeye na baba yangu hawakuwa wameongea vizuri tangu mama yao azikwe. Nani alimkosea nani sikuwahi kuelewa, na wao pia nadhani walikuwa wameanza kusahau.

Hapo akili yangu ikakatika kabisa. Kama Shangazi anamlilia ndugu yake, na ndugu yake ni baba yangu, basi Baba amekufa! Kumbe viti hivi, chai hii, watu wote walijua tangu asubuhi, wakakosa tu moyo wa kuniambia! Nikatupa leso nikapiga ukunga. Wanawake walioona nimejikaza mno wakafurahi kwamba sasa nalia, wakanipokea. Shangazi akanikumbatia. Tulilia mpaka sauti zikakauka, na sijui kama nimewahi kuumia tena namna ile, hata siku Baba alipokuja kufa kweli.

Kisha Shangazi akajifuta pua, akaniuliza, "Alikufa saa ngapi?"

"Sijui, Shangazi. Wewe ulisikia kwa nani?"

"Baba Mwende ameniambia. Wewe, nani alikuletea habari?"

"Wewe."

"Mimi?"

Tukamgeukia Mama Mwende. "Mimi sijaambiwa na mtu," akasema. "Niliona tu Nafula amefiwa."

"Nimefiwa na nani?" nikamuuliza.

"Si tumekaa hapa tukingoja utuambie!"

Ungedhani tulicheka. Hatukucheka. Hakuna aliyekuwa ameleta habari, lakini pia hakuna aliyeweza kuapa kwamba Baba yu hai. Alikuwa mgonjwa Pasaka, hilo lilikuwa kweli. Nikaanza kuogopa kwamba pengine roho yangu ilijua kitu na ndiyo maana ilinikalisha pale. Unaona jinsi kichwa kinavyoweza kumpeleka mtu? Nilikuwa nimelianzisha mwenyewe, na sasa nilikuwa siwezi kulikanusha.

Simu za mkononi hazikuwapo. Mimi na Shangazi tulikwenda kwenye kibanda cha simu tukapiga kwa duka moja la kwetu kijijini, tukamwomba mwenye duka atume mtu nyumbani kwa Baba, nasi tutapiga tena. Tukaketi kwenye ukingo wa saruji kungoja.

Hapo ndipo nilipoketi kimya kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sikufumba macho. Sikutafuta jibu lolote, na lile gazeti lilikuwa limetoka kichwani kabisa. Nilikuwa namwona tu Baba anavyovua kofia akiingia nyumbani kwa mtu, hata kama ni nyumba ya mtoto wake. Shangazi alikuwa ameushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kigumu kwa uzi. Siwezi kukudanganya kwamba nilifunuliwa jambo. Nilikuwa naogopa tu, na nilikuwa na mtu.

Tulipopiga tena, sauti iliyotoka ilikuwa kali. "Nani huyo anasema nimekufa? Nimetolewa shambani nikimbie nije niseme niko hai?"

Shangazi akanipa simu huku machozi yakimtiririka.

"Nafula, ni nani huyo analia?"

"Ni Shangazi, Baba."

"Rasoa? Ananililia mimi?"

"Amelia kutoka Kariokor mpaka Makongeni, bila viatu."

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mpe simu." Wakazungumza kwa lugha yetu, nami nikasogea mbali, kwa sababu yale hayakuwa maneno ya mtoto.

Njiani kurudi nilimweleza Shangazi kila kitu: makala, mkubwa wa biashara, masharti, na jibu nililokuwa nikilingoja. Nilitegemea kofi. Alisimama katikati ya njia akanitazama.

"Huyo tajiri wako, akinyamaza asubuhi, nani huitikia salamu pale kwake?"

"Sijui. Hawakuandika."

"Ana mlinzi kwa geti. Ana mke. Ana karani. Mgeni akija anaambiwa mzee bado hajatoka. Wewe uliacha nani mlangoni?"

"Sikuacha mtu."

"Basi hukunyamaza, Nafula. Ulitoweka. Na mtu akitoweka, wenziwe watamtafuta hata kaburini." Akaanza tena kutembea. "Haya. Jioni imefika. Kibanda unachukua ama huchukui?"

Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho. "Sijui, Shangazi."

Nilijua nimekipoteza. Lakini yeye akapunguza mwendo. "Sijui ni jibu," akasema. "Ungeniambia hivyo tangu Jumatatu tungeongea. Unaogopa nini?"

Nikamwambia naogopa nitazeeka nikishona, nikisoma habari za wenzangu magazetini. Akaniambia yeye pia aliogopa hivyo hivyo alipoanza, na kuna siku bado anaogopa. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza, ingawa tuliketi goti kwa goti kila siku. Tukakubaliana nikishike mpaka Krismasi, kisha tutazame. Krismasi ikafika hakuna aliyekumbuka kutazama. Kibanda hicho ndicho kilichokulisha na kukusomesha, na mpaka leo sijui kama nilikichagua au nilichoka kuchagua. Tajiri yule angekuambia kwa uhakika. Mimi siwezi.

Juzi, mwanangu, nilipanda ngazi zote za ghorofa yako huko Pipeline na goti langu hili. Nikabisha hodi. Nikasikia kiti kikisogea ndani, lakini hukuitikia. Niliketi ngazini nikiwa na mfuko wangu wa ndizi, majirani wako wakinipita, hakuna aliyenijua. Baadaye ukanitumia ujumbe: "Nilikuwa natafakari Mum, usikasirike, kuna kitabu nasoma cha CEO fulani." Sikukasirika. Niliogopa.

Najua pia umeitwa kazi Mombasa na hujawajibu, na hujaniambia mimi. Nimesikia kwa watu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na wewe uichuje, maana mimi mwenyewe sikuielewa yote. Keti kimya kila asubuhi. Ni jambo jema, nami bado naketi kidogo kabla chai haijachemka, na bado naikumbuka sukari. Akili ikitangatanga usiigombeze, irudishe tu kama mtoto aliyetoka nje bila viatu. Lakini salimu kwanza, ndipo unyamaze. Waambie wanaokupenda unaingia kimya, na utatoka lini. Ukisoma maisha ya mtu mkubwa, soma mpaka mwisho, halafu uulize yale ambayo hayakuandikwa: nani alimshikia mlango, na nani alikuwa akimngoja ajibu. Jibu lisipokuja, usimfiche anayelingoja. Mwambie hujui. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mficha mashaka hana wa kuyabeba naye. Mimi sitakwambia uende Mombasa au ubaki. Nitakuja tuketi.

Mungu akupe asubuhi tulivu, mwanangu, na watu wa kukusumbua ndani yake. Akili yako ipate pa kupumzika, na mikono yako ipate kazi isiyokuaibisha. Ukiitwa uwe na sauti ya kuitikia, na siku utakayoita, asikosekane wa kukuitikia.