Kiwanja cha Bibi Ndani ya Kompyuta

Harufu ya zulia jipya katika chumba chenye kiyoyozi hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi nilimpeleka binti yangu skuli, harufu ile ikanipokea kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, nikajikuta nimekunja uso kabla sijamsalimu mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, tunakaa mtaa wa Khuwair ya Kusini, huko Oman, skuli yetu ilipoletewa programu ya kujenga dunia ndani ya kompyuta. Ndimo tulimosomeshwa historia, katika chumba kilichotandikwa zulia jipya. Kila msichana alipewa kiwanja ajenge nyumba ya wazee wake, kisha tutembeleane humo humo tujue watu waliishi vipi. Somo zuri, sikatai.

Wazee wangu waliishi Unguja. Babu alitoka Oman kijana, akajenga kule, na siku za mapinduzi Bibi akaondoka na ufunguo mkononi akidhani atarudi kesho. Hakurudi. Basi jioni Bibi akinielekeza, na mimi asubuhi nikijenga.

"Kisima kipo uani, mkono wa kushoto," akisema, kafumba macho. "Na baraza usiisahau, mwanangu. Nyumba haina baraza, wageni wakae wapi? Nna hamu nayo nyumba ile. Siku ya wazazi ntakuja kuiona."

Asubuhi ya siku hiyo, Abla, ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, akasimama nyuma yangu. Akauliza kwa Kiarabu ile baraza ya nini. Nikamweleza.

"Hii nyumba ya Afrika," akasema. "Mji wetu ni wa Kiomani."

"Babu yangu Mwomani, Abla. Kaijenga mwenyewe."

Akainama, akabonyeza mara moja, nyumba ikafutika. Pakabaki mchanga. Wenzangu wakacheka, na wengine bibi zao wanapika wali wa nazi kama wa kwetu! Na dunia ile, jamani, haikuwa na mwisho. Ungetembea humo mpaka kidole kichoke, mchanga mtupu usio na mwenyewe. Nyumba moja ya kizee ingembana nani?

Bibi akaja kajifukiza udi kama anakwenda harusini, kabeba bakuli la halua, maana kwao nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu, na hii ilikuwa yake. Nikamweleza huku nalia. Akakitazama kile kiwanja kitupu, akaniwekea mkono begani.

"Hii mara ya pili," akasema taratibu.

Kisha akamgeukia Abla, akamkaribisha halua kwa Kiarabu safi. Na Abla akaila! Akaongeza na tonge la pili.

Njia nzima nilimnunia Bibi. Niliona kashindwa kunitetea, na hiyo mara ya kwanza wala sikuiuliza. Nilikuwa na hasira zangu za asubuhi ile tu.

Bibi alikwishafariki nilipokwenda Unguja mtu mzima. Nyumba niliijua kwa mbali, maana niliijenga mimi. Barazani walikaa watu nisiowajua, wanakunywa kahawa. Nikasimama pale, ndipo nikajua Bibi alikuwa akitazama nini siku ile kwenye kioo cha kompyuta.

"Karibu, bibie, usisimame juani," akasema mmoja wao.

Wakasogeleana, nikapata pa kukaa.