Springi za Wang'uru

Tangu mke wangu afariki, mtu pekee aliyekuwa akinipigia simu kila mwezi ni Wangari, msichana wa kampuni iliyoniuzia lori hapa Nyeri. "Mzee, gari iko aje?" ataniuliza, nami naongea hadi chai inapoa.

Juzi ekseli ya nyuma ilipasuka nikitoka Wang'uru na mchele. Kosa lilikuwa langu. Fundi mmoja wa kando ya barabara alikuwa ameniongezea springi ili lori libebe zaidi, na hilo huvunja waranti. Nikamwomba azitoe haraka, kisha nikaingia ofisini kwa kampuni kudai matengenezo ya bure, nimejinyoosha kama mzee wa kanisa.

"Haki ya Mungu, hizo springi sijaguza," nikamwambia meneja mbele ya wateja.

Akafungua kompyuta, akasoma kwa sauti: "Mteja anasema ameongeza springi mbili kila upande. Pia anasema kupikia mtu mmoja ni kazi ngumu."

Kumbe kila nililomwambia Wangari, aliliandika. Ndiyo kazi yake. Wangari, aliyeketi meza ya pili, aliinamisha kichwa, hakunitazama. Wateja nao hawakucheka hata kidogo, na mimi nilitamani sana wangecheka.